Maharagi Kumi ya Mama Jokébed

Mchezo ulianza kwa sababu ya mvua. Mwaka ule vita iliwatoa watu Oicha, ikawasukuma Beni, na wengine wakafika hadi Butembo. Familia kumi na moja zililala katika salle, ule ukumbi wa kanisa la Kiprotestanti, na mvua ya Butembo ni ya baridi, haina haraka. Mama Jokébed aliokota ubao wa benchi lililovunjika, akachora juu yake vyumba kwa makaa. Kila mchezaji alipewa mutu wa kubuni na maharagi kumi. Vyumba vilikuwa vitano: mbio, nguvu, dawa, maneno, na mikono, yaani ufundi. Unagawa maharagi yako unavyotaka. Kisha Mama Jokébed anasimulia: mumefika mutoni, daraja limevunjika, munafanya nini? Anayetaka kuogelea anahesabiwa maharagi ya nguvu. Anayetaka kumbembeleza mwenye mtumbwi anahesabiwa ya maneno. Vifuniko viwili vya chupa vinarushwa, ili bahati nayo ipate fasi yake.

Sheria moja hakutaka iguswe. Haragi likishawekwa chumbani, limewekwa.

Timothée ndiye aliyeumizwa na sheria hiyo kwanza. Zamani alikuwa convoyeur, anapanda juu ya mizigo ya malori kwenye barabara ya Beni, na mdomo wake ulikuwa bado kule juu. Mutu wake alikuwa na maharagi saba ya mbio na hata moja la dawa. Siku ya Ijumaa, ndani ya mchezo, nyoka akamuuma mutu huyo.

"Mama, naomba tu kutoa mbili kwa mbio, niweke kwa dawa."

"Hapana."

"Mais mama, mutu yangu anakufa!"

"Akufe. Kama kila mutu anahamisha wakati shida inakuja, juu ya nini tulichagua? Wote tutakuwa munganga leo, fundi kesho. Hapana mutu atakuwa kitu."

Kahindo alikuwa ameketi anamenya viazi. Alizaliwa msichana nyuma ya kaka zake watatu, na kwetu mtoto anayegeuza mstari wa namna hiyo ndiye anayepewa jina hilo. Hakuinua macho.

"Lakini mama, siku tulipanga, nani alijua njia iko na nyoka?"

"Huyu tangu tumboni anapenda kugeuza," Timothée akasema, na watu wakacheka. Mama Jokébed hakucheka. Alirusha vifuniko, vyote viwili vikaanguka vibaya, na mutu wa Timothée akafa.

Kilichomfanya Mama Jokébed awe mkali si nyoka. Alikuwa ameshona miaka ishirini na miwili. Kule Oicha kola za sare za kwaya zilitoka mikononi mwake, na shingo ya mutu alikuwa anaipima kwa jicho, kamba ya kupimia inabaki begani kama pambo. Walipokimbia aliibeba mashini yake ya kushona kichwani. Karibu na Mbau watu wa bunduki wakamwambia aishushe. Akaishusha.

Alhamisi ya wiki ile, Mama Berthe, mwenye tanuru la mikate karibu na soko, alikuwa amekuja kanisani. Anahitaji mwanamke mmoja, aanze Jumatatu. Atafundishwa na binti yake Providence, wa miaka kumi na tisa. Jibu alilitaka Jumapili baada ya ibada, maana wengine walikuwa wanaingoja kazi ileile. Mama Jokébed alijibu kwamba atafikiri. Moyoni alikuwa amekwisha kukataa. Miaka ishirini na miwili, halafu mutoto amuonyeshe namna ya kushika unga? Alikuwa anangoja mashini. Itoke wapi, hakujua.

"Unangoja ianguke na mvua?" mama mukwe wake Agar alimuuliza. "Chunga isikuvunje kichwa."

Agar ndiye aliyekuwa anasimamia sufuria ya watu wa salle, kwa hiyo ndiye aliyefanya kosa lililofuata. Jumamosi walipotoka kusenya kuni, walikuta ubao umepanguswa, safi, michoro ya makaa ikiwa imebaki kama kivuli. Walikuwa wamekula kwanza, ndipo wakaukaribia. Timothée alikuwa bado analamba vidole.

"Mama Agar," Kahindo akauliza polepole, "maharagi ya mbao iko wapi?"

"Nani mwenye kuyaacha pale?" Agar akawaka. "Tuko wakimbizi, batoto bakalala na njaa juzi, na munapanga chakula juu ya mbao kama mapambo! Nimeyachambua, nimeyaloweka, nimeyatia na ingine."

Timothée akatazama sahani yake.

"Donc nimekula mbio yangu."

"Pengine umekula ya mwenzako," Kahindo akasema. "Ndo maana unatoka jasho."

Salle nzima ikacheka, hata Agar, akijificha uso na kitambaa. Alipomaliza kucheka alitoka nje, akarudi na changarawe kwenye upindo wa kikwembe, akazimimina mbele yao.

"Chezeni na mawe. Mawe nitayaacha."

Sasa swali likawa lile la Ijumaa, lakini limekuja kwa mulango mwingine. Vyumba vyote vilikuwa vitupu. Timothée akataka mutu wake afufuke na kila mmoja apange upya. Mama Jokébed akasema hapana, yeye anakumbuka yote, atarudisha kila jiwe pale haragi lilipokuwa. Na kweli alikumbuka. Akaanza na Kahindo: matatu ya dawa, matatu ya mbio, manne ya maneno. Vidole vyake vilikwenda bila kusita, kama mutu anayerudisha vifungo kwenye shati.

"Na yako, mama?" Kahindo akauliza.

Hata Mama Jokébed msimulizi alikuwa na mutu wake, mwenye tisa ya mikono na moja la maneno. Aliyahesabu mawe tisa, akayashika kiganjani. Hakuyaweka.

Alitazama kidole gumba chake, pale mkasi ulipochimba sugu. Sugu ilikuwa imeanza kulainika. Miezi mitano hakuna mkasi. Akafikiri: maharagi yako tumboni mwa watu, na mimi ninapanga mawe nikijifanya yangali juu ya ubao. Kisha akafikiri jambo lingine lililomuuma zaidi. Kama angeruhusu kila mutu apange upya bure, basi yale tisa hayakuwa kitu, ni mawe tu, leo hapa kesho pale. Ndani yake mlikuwa na usiku wa kushona kwa mafuta ya taa, sindano iliyoingia kucha, kola ya kwanza aliyoikata vibaya, mamake akamnyamazia siku mbili. Kwamba hayo yote si kitu, hilo nalo hakuweza kulikubali.

Timothée akafungua mdomo, Kahindo akamgusa goti.

"Mutahamisha," Mama Jokébed akasema mwishoni. "Lakini matatu tu. Na hayaruki. Yanatoka chumbani, yanakaa hapa pembeni ya mbao. Yakiwa pembeni hapana kuhesabiwa kwa kitu. Kila posho, juma likiisha, jiwe moja linaingia."

"Azabu hiyo!" Timothée akalia.

"Si azabu. Ni kujifunza. Mutu anayejifunza, kwanza iko hapana kitu."

Aliweka mawe sita katika chumba cha mikono. Akaomba makaa, akachora chumba cha sita.

"Ya nini ile?"

"Moto."

Mawe matatu aliyaacha pembeni. Agar, kule kwenye sufuria, aliona, lakini aliendelea kusugua.

Jumapili alimngoja Mama Berthe mulangoni pa kanisa. Jumatatu, kabla ya jua kutoka, alikuwa amesimama kwenye meza ya unga. Providence alimpa donge kubwa, akamwambia alikate vipande sawasawa. Mama Jokébed akachomoa uzi uliokuwa umefungwa kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa, akalikata donge kwa uzi, chap, chap, vipande kumi na viwili. Providence akavipima kimojakimoja kwenye mizani. Vilikuwa sawa.

"Mama, uko na jicho," akasema. "Lakini uzi ule ulikuwa kwa kichwa. Hapa hapana. Na donge unalishika kama kitambaa, unaogopa litapasuka. Piga."

"Nipige?"

"Kama umemukasirikia mutu."

Akapiga. Alikuwa na watu wengi wa kuwafikiria, na barabara ya Mbau nzima. Hata hivyo mikate yake ya kwanza ilitoka imebonyea upande mmoja, na Providence akaiweka mbali na ya kuuzwa, bila kusema neno. Ule ukimya ulimchoma. Aliujua, ulikuwa wa mamake.

Jioni alimpelekea Agar mkate mmoja. Agar akatafuna, akatafuna tena.

"Iko ngumu."

"Ndiyo."

"Kesho utarudi?"

"Nitarudi."

Agar akamega kipande kingine, akakichovya kwenye chai. Jumamosi iliyofuata Mama Jokébed alisukuma jiwe moja likaingia katika chumba cha moto. Mawili yalibaki pembeni.