Damu ya Mtani na Msimu wa Karafuu

Mama yangu alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni, Morogoro mjini, na daktari alisema wazi asicheleweshe, maana alitokwa damu mpaka akawa anapepesuka. Tukaambiwa tujitokeze kuchangia damu. Aliyetangulia kukunja mkono wa shati hata hakuwa ndugu. Alikuwa jirani yangu wa mjini, Mnyamwezi, mtani wetu sisi Waluguru.

"Hii ikikuingia," akamwambia mama, "ubishi wenu wa milimani utakwisha."

Mama akamgeukia nesi. "Mwanangu, inakaa muda gani kwenye friji?"

"Siku thelathini na tano, mama. Ikipita hapo inatupwa."

Loo, uso ukamng'aa! Kesho yake huyoo, Matombo, kijijini kwetu milimani, kuvuna karafuu, eti damu ipo inamsubiri. Nilikasirika kweli. Kila nikipiga simu, karafuu hazijaisha.

Mwishowe, siku thelathini na tano zilipokwisha, mtani akasema twende tukamfuate. Kwetu mtani anaruhusiwa vituko hata msibani, na hakuna wa kumnunia. Tulipofika uani akajitupa juu ya mkeka wa karafuu, akaangua kilio.

"Jamani, damu yangu! Imekufa ingali kijana, hata mwili wa mtu haijauona! Nani atanilipa kuku wa fidia?"

Majirani wakajaa, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama naye alicheka, halafu akakaa chini na kicheko kikageuka kilio.

"Naogopa," akasema. "Naogopa nisiamke."

Mimi mwanawe sikuwahi hata kumuuliza. Mtani akainuka, akajikung'uta karafuu. "Basi nitakaa mlangoni mpaka uamke. Ukifa wewe, nani atanitukana?"

Tukashuka naye siku hiyo hiyo. Hospitalini nesi akatuambia ile damu haipo tena. Hapa damu haimsubiri mtu mmoja, alisema, ilishatumika kwa mzazi aliyevuja damu sana baada ya kujifungua. Ya mama ingetoka kwa mtu mwingine, na ilikuwa tayari.

"Kumbe imeshaolewa, wala sijaambiwa!" mtani akalalamika.

Mama hakucheka. "Huyo mzazi yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Ananyonyesha."

Mama akavua kitenge chake cha mabegani, akamtupia mtani akishike, akapanda kitanda cha magurudumu mwenyewe bila kusaidiwa.

"Nipelekeni," akasema.