Seli Yangu ya Udongo

Udongo wa bondeni ukilowa hunuka majivu na majani yaliyooza, na mimi hadi leo nikiisikia harufu hiyo hufunga dirisha. Nilikuwa darasa la sita huko Mbuba, mvua zimeshaanza kuporomoka juu ya migomba. Mwalimu wetu wa sayansi alitangaza kwamba atakayefinyanga seli ya mmea vizuri kuliko wote atapelekwa kwenye maonyesho Biharamulo, ambako ataona seli halisi kwa hadubini. Shuleni kwetu hadubini tuliijua kwa picha tu. Nilitaka kwenda kuliko nilivyotaka viatu, na viatu sikuwa navyo.

Nilifinyanga wiki nzima. Ukuta wa seli niliuzungushia magome ya mgomba, kwa kuwa kazi yake ni kuishika seli isilegee. Utando wa ndani, ule unaochagua cha kuingia na cha kutoka, ulikuwa kipande cha chandarua kikuukuu. Kokwa la parachichi likawa kiini, mwenye amri zote. Kichupa cha dawa chenye maji kikawa vakuoli, ghala la seli. Na mitokondria, zinazoipa seli nguvu, zikawa maharage yaliyotobolewa na fukusi, maana yale mazima mama alisema ni mbegu, si mchezo. Nyumba yetu ilivuja, kwa hiyo kazi yangu niliilaza kwa rafiki yangu Adelina, ambaye kwao kulikuwa na bati. Mwaka ule tulikuwa tumeapiana kwa kugawana buni mbili za tunda moja la kahawa, kama wazee walivyofanya wakifunga udugu, kwamba hakuna atakayemtupa mwenzake. Nilimwamini mno. Kila jioni nilikwenda kuitazama seli yangu, na nikamfundisha kila sehemu na kazi yake hadi akazijua kama jina lake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ya kuonyesha kazi, Adelina aliibeba kichwani, akaitua mezani, akasema, "Mwalimu, hii nimefinyanga mimi." Nilisimama nikapiga kelele kwamba ni mwongo. Mwalimu, akidhani anatenda haki, akasema, "Basi kila mmoja aeleze kazi za sehemu hizi. Mwenye mali anaijua mali yake." Adelina akaanza. Alitiririka kutoka ukuta hadi mitokondria, kwa maneno yangu mwenyewe, bila kunitazama. Zamu yangu ilipofika nililia kwikwi, hata kiini sikuweza kukitaja. Darasa zima likacheka, na safari ikawa yake. Sikumsemesha tena hadi tulipomaliza shule.

Sasa mimi ni mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya hapa Ngara, na seli naziona kila siku, nyingine kabla sijanywa chai. Mwezi uliopita Adelina alimleta mwanawe mwenye homa. Niliviona vimelea vya malaria ndani ya seli nyekundu za damu, nikamwandikia majibu, lakini hakuondoka. "Vestina," alisema, "kule Biharamulo foleni ilikuwa ndefu, gari likaondoka sijafika kwenye hadubini. Niruhusu nichungulie." Nilimpisha kwenye kiti. Alifumba jicho moja, akatazama kidogo, akainuka akijifunga kitenge vizuri.

"Kumbe ni hivi tu?"

Nikamwambia ndiyo, ni hivi tu. Watu husema yaliyopita si ndwele, nami nilidhani nimeshapona. Alipotoka nilifunga mlango nikalia, mtu mzima na koti langu jeupe, kwa ajili ya kitu alichoninyang'anya, kisha akakitazama mara moja akakichoka.