Mashati ya Mjomba na Alama Isiyolingana

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua la kivivu.

Dada yangu hufungasha programu za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Waandishi wa programu huweka msimbo wao, yale maandishi yanayoiunda programu, kwenye hifadhi za mtandaoni. Yeye huuchukua, huugeuza kuwa kifurushi, na mwenye kompyuta hukisakinisha bila kuumiza kichwa. Wiki hii kichwa kilimuuma yeye. Mjomba wetu, mwalimu mstaafu, haoni. Programu inayomsomea kwa sauti ndiyo macho yake, na tangu sasisho la mwisho imekuwa bubu.

Dawa ilikuwa kufungasha tena toleo la zamani, lililokuwa likizungumza vizuri. Dada akalipakua upya kutoka hifadhini, kama kanuni inavyotaka, mitambo yake ikalikataa. Msimbo hupakuliwa ukiwa umekunjwa kuwa furushi moja, na kila furushi lina alama, namba ndefu inayokokotolewa kutokana na furushi lenyewe. Likiguswa kidogo tu, namba yote hubadilika. Alama aliyoiandika zamani na ya leo hazikulingana.

Nilimkuta mezani, chai imepoa.

"Kaka, kuna mtu katia mkono humu."

"Nani?"

"Ningemjua, ningekuwa nakunywa chai."

Furushi la zamani alikuwa bado analo. Aliyafungua yote mawili, akalinganisha faili kwa faili. Hayakutofautiana hata nukta. Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa.

"Vilivyomo ni vilevile, alama si ile. Sasa huyu mwizi kaiba nini?"

Mwenzake wa kazi alimshauri kwa simu aandike alama mpya, mambo yaishe. Akakataa. "Watu wanasakinisha kwa kuniamini mimi. Nipitishe kitu nisichokielewa?"

"Na Mjomba je?" nikauliza.

Akarudi kwenye faili zake.

Mchana tulimpelekea Mjomba nguo zake. Kwa kawaida mke wangu ndiye huzifua na kuzikunja, lakini alikuwa safarini, nikazikunja mimi. Mjomba akapapasa shati la juu.

"Hili si langu."

"Ni lako, Mjomba. Lile la mistari."

"Mistari naionea wapi mimi? Langu mikono hukaa ndani. Umeniletea la nani?"

"Ni lako. Leo nimekunja mimi."

"Umelikunja, au mmepigana?"

Nilicheka. Dada hakucheka, alikuwa analitazama lile shati kama analisoma.

"Alama niliichukua kwenye mkunjo," akasema taratibu, "si kwenye nguo."

Alinieleza njiani. Huenda hifadhi hulikunja furushi upya kila linapoombwa, na chombo cha kukunjia kimebadilishwa. Aliwaandikia wasimamizi wa hifadhi kuwauliza, na kabla ya magharibi wakajibu kwamba ndivyo. Mimi bado sijaelewa vizuri kitu kinawezaje kuwa kilekile na kisiwe kilekile. Nilipomwambia Mjomba hivyo kwenye simu, alinijibu, "Wewe jifunze kukunja kwanza."

Jumatano, tarehe 15 Mei. Asubuhi Dada aliandika alama mpya, akakituma kifurushi, akaenda kukisakinisha kwa Mjomba. Kompyuta ikataja saa.

"Umerudi, mtoro wewe," Mjomba akaiambia, akavuta kiti.

Dada akaketi kitandani, akayakunjua mashati yote, akayakunja tena moja moja, mikono ndani.