Maziwa ya Alhamisi

Maziwa ya unga yakishika chini ya sufuria hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na harufu hiyo naijua kuliko ninavyoujua udi. Kila Alhamisi asubuhi, mwaka ule niliotimiza miaka saba, ilitupokea tukiwa bado mbali: mama mbele na mdogo wangu Athumani kiunoni, mimi nyuma, nikiburuta miguu kwa makusudi. Maziwa yalichemshwa uani kwa ofisi moja ya serikali, mjini Tanga, miaka ya hamsini, Mwingereza angali mwenye nchi. Mpishi wao hakuwa na huruma. Yakiungua, tuliyanywa yameungua, na yakiwa na mabonge tuliyameza mabonge. Mama alikuwa akigeuka kila baada ya hatua kumi na kuniambia, "Mwanahamisi, kaza mwendo, mwanangu, wenzio wameshapanga mstari." Nami nilizidi kujivuta. Tangu utoto nilikuwa na moyo mgumu, na nalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia bure.

Msaada ule ulikuwa wa akina mama maskini wasio na waume. Masharti yake karani aliyasoma kwa sauti kila wiki, kana kwamba tungeyasahau: mama awe mjane au mtalaka, awe na karatasi ya kuthibitisha hivyo, na awe na watoto wasiopungua wawili. Aliyetimiza alipewa kadi ya manjano, na kwa kadi hiyo alipata unga wa mahindi na maharage ya wiki nzima. Unga na maharage alikwenda navyo nyumbani. Maziwa hapana. Maziwa yalikuwa ya watoto, na yalinywewa pale pale barazani, kwa sababu wakubwa walikwisha kuamua kwamba mama maskini akikabidhiwa maziwa atayauza. Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Basi tulisimama mstari, tukanywa, kisha tukafungua vinywa na kutoa ndimi ili karani ahakikishe kwamba tumemeza. Barabara ya kwenda sokoni ilipita mbele ya baraza hiyo, na watu hawakuona aibu kusimama na vikapu vyao kututazama. Mtoto aliyetapika alipewa kikombe cha pili. Niliwahi kumwona mmoja akipewa cha tatu.

Kadi yenyewe mama aliipata kwa taabu. Baba yetu alikuwa mpishi wa Wazungu huko Amani, mlimani, na aliondoka Athumani akiwa bado tumboni. Huko akaoa mke mwingine. Hakuleta barua, hakuleta matumizi, wala hakuleta talaka. Mama alisuka mikeka na kukaanga vitumbua, na siku vitumbua visipotoka tulivila wenyewe, kesho yake hakuna mtaji wa unga. Aliposikia habari za msaada alikwenda mbio. Karani akamuuliza kama mumewe yu hai. Akasema yu hai. Akamuuliza kama kamwacha. "Hajaniacha, bwana," mama akajibu. "Katutupa tu." Karani akaigonga karatasi yake kwa kalamu. "Kutupwa hakumo humu, mama. Kafuate talaka." Nilikuwa nimeshika buibui lake, nikaona anavyoshukuru na kuondoka kwa adabu, kama mtu aliyepewa kitu.

Akamwendea mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa akituandikia watu wa mtaa barua, akamtajia maneno naye akayaandika huku akitikisa kichwa, maana hakuwahi kuandika barua ya mwanamke anayeomba kuachwa. Mama alikuwa na ulimi mtamu na hakujua kuishia. Badala ya kuomba talaka na kukomea hapo, aliona amsute kidogo mumewe. Akamwandikia kwamba asidhani wanawe wameharibika, Athumani anatambaa nyumba nzima, na Mwanahamisi amefika miaka saba, anateka maji, anaosha nguo, anambeba mdogo wake mgongoni kutwa nzima bila kulalamika. Hilo la kutolalamika lilikuwa uongo. Barua ikapanda mlima, na baada ya mwezi hivi ikarudi karatasi ya talaka, mistari mitatu, bila salamu. Mama aliposomewa alicheka hadi akafuta machozi. Jirani yetu, Bi Mwanaidi, aliyekuwa akimsaidia kila jambo na kumsema kwa kila jambo, alishika kiuno akauliza, "Ebo! Mwanamke gani anayeshangilia talaka?" Mama akamjibu, "Mwenye njaa, shoga yangu."

Kwa hiyo tukala. Lazima niseme kweli: tulikula. Athumani, aliyekuwa mifupa mitupu, alianza kusimama kwa kushika ukuta, na mama akaanza tena kuimba akisuka ukili. Mimi nilikuwa na shida nyingine. Njia ya chuoni ilikuwa ile ile ya mbele ya baraza, na wenzangu wa chuo walikuwa wameniona nikitoa ulimi. Wakanipa jina, Binti Malkia, eti nanyonyeshwa na Malkia wa Uingereza. "Binti Malkia, umenyonya leo?" Wakanipangia mstari wa uongo mlangoni, kila mmoja akitoa ulimi eti nimkague kwanza ndipo nipewe njia. Msichana mmoja, ambaye kwao walikula wali hata Jumatatu, alikataa kukaa nami jamvi moja kwa sababu eti nanuka ndama. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mwenye njaa naye akishashiba kidogo huanza kujua aibu, na mimi nilikuwa nimeshiba kidogo. Nikamchukia mama. Sikuichukia ofisi, sikumchukia karani, wala baba, ambaye hata sura yake nilikuwa nimeisahau. Nilimchukia yule aliyenishika mkono kunipeleka.

Kusi ilipoanza kuvuma, baba akaja. Alivaa viatu vya ngozi na kunukia sabuni, akaniletea gauni la maua na biskuti kwenye kopo. Mke wake wa Amani alikuwa amejifungua na alitaka mtoto wa kubeba mtoto. Barua ya mama ilikuwa imemweleza kwamba anaye. Naye alikuwa na sheria mkononi: mtoto aliyefika umri wa kupambanua, wazazi wake wakiachana, huulizwa mwenyewe anamtaka nani. Kama wasingeachana, asingekuwa na la kuuliza. Tukaitwa kwa kadhi, na siku tuliyopangiwa ikaangukia Alhamisi.

Asubuhi ile mama alinisuka nywele upya na kunipaka mafuta ya nazi hadi kwenye magoti. Bi Mwanaidi alimwambia, "Mfunze la kusema, mtoto huyo." Mama akakataa. "Mtoto hafunzwi kumpenda mamake. Atasema lililo moyoni." Alikuwa na hakika kabisa, na hakika yake ile ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Akatia kadi ya manjano kwenye pindo la kanga, ili tukitoka kwa kadhi tupitie maziwa.

Kadhi alikuwa mzee wa sauti ya chini, akaniweka karibu yake, akaniuliza jina. Nikamwamkia shikamoo, nikamtajia. Baraza ilijaa watu waliokuja kwa mashauri yao, na wote wakageuka kusikiliza la kwetu. "Mwanahamisi," akasema, "huyu ni babako, na huyu ni mamako. Wote wanakupenda. Wewe utakaa na nani?" Ningependa kuandika kwamba sikuelewa. Watu wengi wameniambia hivyo ili kunifariji: ulikuwa mtoto, hukujua. Nilijua. Nilimtazama mama, nikaona ncha ya ile kadi ikichungulia kwenye kanga, nikasema kwa sauti yangu ya chuoni, ile ya kusomea sura, "Namtaka baba. Simtaki mama wa maziwa ya serikali." Watu wakacheka. Kadhi hakucheka. Akaniuliza mara ya pili, kwa upole zaidi, nami nikarudia lile lile kwa nguvu zaidi kwa sababu mara ya kwanza lilikuwa limechekesha. Mtu mmoja nyuma akasema shukrani ya punda ni mateke. Mama hakulia. Alivuta buibui likamfunika uso, akainama kumfunga Athumani mgongoni, na kazi hiyo ndogo ikamchukua muda mrefu sana.

Yaliyofuata nilihadithiwa na Bi Mwanaidi, ambaye hakuwahi kunificha jambo lenye kuuma. Alhamisi iliyofuata mama alipanga mstari na Athumani peke yake. Karani akauliza yule mkubwa yuko wapi. Akaambiwa yuko kwa babake, kwa amri ya kadhi. Karani akahesabu: mtoto mmoja. Akaichukua kadi na kuichana vipande viwili, si kwa ubaya, ndivyo utaratibu ulivyotaka. Athumani alikuwa ameshakabidhiwa kikombe chake. Wakamnyang'anya. Mama akaenda kutafuta kazi ya kuanika singa, zile nyuzi za katani, kwenye shamba la mkonge upande wa Pongwe, akiondoka alfajiri na kurudi jioni na vidole vilivyopasuka, na mtoto akabaki mikononi mwa Bi Mwanaidi, aliyekuwa na wajukuu wake wanane na sufuria moja. Athumani alikua na matege. Hadi leo, akitembea, mtu anaweza kupitisha ndoo katikati ya magoti yake, na wala si mtu wa kulalamika.

Mimi huko Amani nilipata nilichokitaka. Hapakuwa na mstari wala aliyeniita Binti Malkia. Palikuwa na baridi na ukungu, na mtoto mzito mgongoni kuanzia asubuhi, na nepi za kufua kwenye kijito ambacho maji yake yaliuma hadi kwenye mifupa. Mama wa kambo hakunipiga mara nyingi. Aliniita "wee". Mtoto alipoanza kukimbia mwenyewe, miaka miwili na kitu baadaye, baba alinipandisha lori la kwenda Muheza na kumwambia dereva anitafutie gari la Tanga. Hakuniuliza namtaka nani.

Nilimkuta mama uani anachambua mboga. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, na njia nzima nilikuwa nimeiomba. Mama akainuka, akafuta mikono, akasema, "Karibu, mgeni." Akatandika mkeka mpya ambao haukuwahi kukaliwa, akaniletea maji kwenye bilauri ya kioo, na wakati wa kula akanitengea peke yangu, kipande cha samaki cha katikati, huku yeye na Athumani wakila mkia. Nilifurahi! Nilidhani nimesamehewa. Siku ya tatu niliamka mapema nikashika ufagio, akaja akauchukua mkononi mwangu taratibu. "Mgeni hafagii." Nikaenda kushika ndoo, akamwita Athumani na matege yake akateke maji kwa kopo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu hakunipa jembe siku ya tatu, wala mwezi wa tatu, wala mwaka wa tatu. Nilikaa nyumba ile hadi nilipoolewa, na sikuwahi kuruhusiwa kuinjika chungu. Majirani walisema ananidekeza, wakawaambia binti zao wamtazame Mwanahamisi anavyolelewa. Bi Mwanaidi peke yake ndiye aliyekuwa akinitazama nimekaa kwenye mkeka wangu safi, kisha akisonya. Niliingia kwa mume sijui hata kukuna nazi, na mawifi zangu walinicheka mwaka mzima.

Leo ninaishi Makorora na mjukuu wangu Zawadi, ambaye mumewe naye alikwenda zake bila kuaga. Serikali ina mpango wake wa kaya maskini, na Zawadi ameandikishwa. Fedha zinaingia kwenye simu yake, wakati mwingine kwa kuchelewa, na hulalamika mno kwamba hazitoshi, nami namwacha alalamike kwa sababu ni kweli hazitoshi. Lakini hakuna aliyemdai karatasi ya talaka. Wanawe hunywa uji wao jikoni, wamefunga milango, na hakuna anayewaambia watoe ulimi. Ninapowatazama, jambo la kwanza linalonijia si furaha, ni wivu, na ninalisema hivyo hivyo lilivyo. Asubuhi Zawadi akitoka huniwekea ungo mapajani na kuniambia, "Bibi, nitolee vichwa hao dagaa, usikae bure." Wenzake humkanya kwamba anamtumikisha mtu mzima. Mimi huwaambia wamwache.

Mama alifariki nikiwa mtu wa makamo, mwenye watoto na ufunguo wa nyumba yangu mwenyewe. Siku yake ya mwisho nilikuwa nimekaa kitandani kwake tangu asubuhi, na Athumani alikuwa nje akizungumza na watu. Adhuhuri akafungua macho akasema ana kiu. Mtungi ulikuwa karibu nami, nikanyoosha mkono, nikashika kata. Akanitazama kwa heshima ile ile ya miaka yote, akasema, "Usijisumbue, mgeni wangu. Niitie mwanangu."