Siku Nilipomwandika Bibi Kuwa Hajui Kusoma

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata nikizeeka nikasahau njia ya kwenda Makambako, hiyo sitaisahau. Ni siku niliyokwenda kijiji cha Kitandililo kuposa, nikamwambia bibi wa mchumba wangu, mbele ya ukoo mzima, kwamba hajui kusoma. Nikamwonyesha na grafu.

Usicheke kwanza. Nasikia nawe umejaza madaftari ya zamani ya Njombe kwenye kompyuta yako, unataka kutuambia elimu imeinua uchumi wetu kwa kiasi gani. Kazi nzuri. Mimi nilikuwa na kazi hiyohiyo, ila badala ya kompyuta nilikuwa na penseli na kichwa kikubwa.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Profesa wangu alinifundisha ujanja ambao watu wa historia ya uchumi wanaupenda sana: ukitaka kujua wazee wangapi walijua kusoma, fungua daftari la ndoa la kanisa. Aliyesaini jina, mhesabu msomi. Aliyebonyeza dole gumba, mhesabu hajui. Basi nikaenda parokia moja ya huku kwetu, nikakaa wiki tatu kwenye chumba cha baridi, nimejifunga blanketi kiunoni, nahesabu saini na madole. Kisha nikalinganisha na mavuno ya mahindi na nyumba za bati.

Mstari wa saini ulipanda vizuri mwaka hadi mwaka. Halafu ghafla, pu! Ukaanguka. Miaka minne mizima, wote dole gumba. Nikaruka kwa furaha. Niliandika kurasa kumi na mbili kueleza jinsi elimu ilivyokufa vijijini na uchumi ukadumaa. Mavuno ya miaka ile hayakushuka hata kidogo, lakini hilo nalo nikalitafutia maelezo: nilisema ni mvua.

Sasa posa. Desturi yetu unaijua: anayeposa hasemi. Anakaa, anainamisha kichwa, mshenga ndiye anayezungumza. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Festo, na njiani kutoka stendi ya Makambako alinionya mara tatu: "Wewe leo huna mdomo." Nilimpenda Agatha, mchumba wangu, kuliko kitu chochote duniani, nikaapa nitanyamaza.

Na ningenyamaza kweli, kama bibi yake, Bibi Paskalina, asingeniuliza kwa upole, "Na huko chuoni unasoma nini, baba?" Mwanangu, nilikuwa na grafu mkobani. Nani anabeba grafu kwenye posa? Mimi.

Nikaikunjua mezani, katikati ya vikombe vya chai. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikaendelea. Nikaonyesha mstari ulipoanguka, nikasema, "Hapa ndipo wazee wetu waliporudi gizani."

"Na sisi tumo?" bibi akauliza, akataja mwaka alioolewa.

Nikapekua karatasi zangu. Nilifurahi, maana jina lake lilikuwepo. "Mumeo, Babu Damiani, amesaini. Huyu ndiye msomi wa mwisho kabla mstari haujaanguka. Wewe bibi, dole gumba."

Agatha, aliyekuwa analeta maandazi, akageuka nayo kurudi jikoni.

"Festo," bibi akamwita baba mdogo, "wewe nani alikufundisha kusoma?"

"Ni wewe, mwalimu," baba mdogo akajibu, anatazama sakafu kama yuko darasa la kwanza.

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi Paskalina alikuwa amefundisha nusu ya kijiji, na mimi nilikuwa sijui.

"Huyu msomi wako," akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidole, "alijua kuandika jina lake tu, na nilimfundisha mimi, wiki tatu kabla ya ndoa. Siku yenyewe akaogopa jina lisionekane. Akaikandamiza kalamu ya padri mpaka nibu, ile ncha yake, ikavunjika kwenye herufi ya mwisho. Padri akakasirika, akaapa hampi mtu kalamu tena. Akaleta sahani ya wino. Nikamwambia, padri, mimi ni mwalimu. Akasema, dole! Tangu hapo kila aliyefunga ndoa alipakwa wino, mpaka padri yule alipohamishwa. Nililia, sifichi. Niliolewa na kidole cheusi."

Babu Damiani, ambaye tangu salamu hakuwa amesema neno, akakohoa. "Lakini saini yangu ilikuwa nzuri," akasema.

Watu walicheka mpaka chai ikamwagikia grafu. Mimi nilikuwa nahesabu tu kwamba Agatha ameshanitoka.

Bibi hakucheka sana. "Mimi bado nipo, ndiyo maana nimekujibu," akasema. "Wenzangu wengi wameshakufa. Ukiwaandika wajinga, nani atawajibia? Nenda kawatafute walio hai kwenye daftari lako, mmoja mmoja, uwaulize. Ukimaliza urudi, ndipo tuzungumze habari ya Agatha."

Nilizunguka miezi miwili, mvua inaninyeshea, viatu vimejaa tope jekundu. Mzee mmoja alinisomea gazeti zima kwa sauti, pamoja na matangazo ya vifo, ili niamini. Mama mmoja alinifukuza na mwiko. Chuoni nilichelewa mwaka mzima, na zile kurasa kumi na mbili nilizichana mwenyewe. Niliporudi Kitandililo, bibi alivaa miwani akasoma kila ukurasa, sisi tumekaa tunamtazama. Mwisho akasema, "Hapa sasa umetuandika sisi. Festo, haya, sema kilichokuleta."

Basi mwanangu, hesabu. Sikukatazi; nisingehesabu, nisingejua kama kulikuwa na miaka minne ya ajabu. Lakini mstari ukianguka ghafla, usikimbilie kueleza. Toka nje, ulizia kilichotokea, na anza na wale waliokuwepo. Na kila namba unayoijaza, mwandike mwenye namba hiyo kana kwamba amekaa mbele yako na unakuja kumposa mjukuu wake.

Mungu akupe miguu ya kutembea na masikio ya kusikiliza wazee, na akujalie aibu kidogo, ile ya kukufaa. Nenda salama, mwanangu.