Nilimwita mwanafunzi wangu mwizi kwa sababu alifunika ekrani ya ordinateri

Wakuu, jambo kwenu wote toka huku Kabambare. Haya niliyafanya mwenyewe, siongezi chumvi.

Miye ni mwalimu wa darasa la sita. Na niseme mapema, miye ni mutu wa kushuku. Bibi yangu akisema mafuta yamekwisha, nainua chupa niangalie.

Basi, shule yetu ikaletewa ordinateri moja, ndiyo kompyuta, ya kufundishia, ya nguvu ya jua. Ndani iko picha zinazotembea, sauti ya Kifaransa, na maandishi yanayokimbia chini kwenye ekrani, kile kioo chake.

Nikaishuku tangu siku ya kwanza. Hii inafundisha, ama ni sinema tu?

Watoto wakaangalia kwa zamu somo la moyo na damu. Nikiwauliza, wanachanganya yote. Isipokuwa Zaina. Yeye kila swali, pa! Jibu.

Ah non, nikaanza kumchunguza.

Kumbe zamu yake ikifika, anatoa kitambaa, anafunika sehemu ya chini ya ekrani. Nikasema ahaa, majibu iko pale.

Nikakivuta mbele ya darasa zima. Hakuna kitu, ni yale maandishi yanayokimbia tu.

Wakuu, hata hapo sikukubali! Alitaka kusema, nikamwambia afunge kinywa. Nikamwita mwizi wa majibu.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Na mutihani wa taifa ulikuwa karibu kabisa.

Nikapanda mpaka kwao. Nikamkuta papa yake ananoa panga, nikamsalimia nikiwa mbali.

"Mwalimu, chini ya kile kitambaa ulikuta nini?"

"Maandishi ya ordinateri."

"Sasa mutoto aliiba nini?"

Zaina ndiye akasema, polepole: "Mwalimu, yale maandishi yanakimbia. Nikiyafuata, sisikii sauti. Nikiyafunika, nasikia, na naona damu vile inapita."

Papa yake akaniambia wazi: huku kwetu neno la kumchafua mutu linaondolewa palepale liliposemwa. La sivyo mutoto atabaki shambani, mutihani basi.

Nikarudi shuleni, na kushuku kwangu bado. Nikafunika maandishi kwa daftari, nikasikiliza. Wee! Somo likaingia vizuri, hata miye mwalimu wake. Niliona haya sana.

Asubuhi iliyofuata, papa ya Zaina amesimama mlangoni na mutoto wake, nikasema mbele ya watoto wote: "Zaina hakuiba. Mwenye kosa ni miye."

Wakuu, kuuliza si ujinga. Na picha, sauti, maandishi, vyote vikija pamoja vinaweza kumzidi mutoto. Siku hizi anayetaka kufunika, afunike.

Zaina alifanya mutihani, akafaulu. Lakini tangu ile asubuhi mpaka anamaliza shule yetu, kila alipokaa mbele ya ordinateri aliweka mikono yote miwili juu ya meza, niione. Sikumwambia afanye hivyo.

Walimu wenzangu, ninyi mngemwambia nini? Semeni hapa chini, hata kama ni kunigombeza.