Mama Majani na Saini ya Mkaguzi

Saa tatu asubuhi, na Mama Majani, kama majirani wanavyomwita, hajakaa chini tangu kupambazuke. Anapangusa jani, anachungulia ngazi, anarudi kupangusa lilelile. Leo anakuja mkaguzi wa mimea, na bila saini yake hakuna leseni.

Miche mia na ishirini imebanana kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga. Anapiga picha, anaweka mtandaoni, wateja wanaagiza. Mwaka mzima aliuza hivyo bila kibali, hadi kifurushi cha miche kumi na minane kilipozuiwa stendi, kikakauka hukohuko.

"Nilidhani leseni ni ya wenye maduka," anasema. "Kumbe na mimi nimo."

Tangu hapo ni kiguu na njia: namba ya mlipakodi, barua ya mwenye nyumba, fomu inayouliza duka liko mtaa gani. "Nikamwambia karani duka langu liko kwenye simu. Wala hakucheka."

Mara anainama. Chini ya jani la mche mama ulio kwenye kopo, ule anaoukata vipande vya kuotesha na kuuza, kuna vijidudu vyeupe kama unga. Uso unamshuka.

"Liingize kopo bafuni," ananong'ona mumewe, fundi baiskeli. "Mkaguzi haji kuoga."

Analibeba mpaka mlangoni mwa bafu. Anasimama. "Nikificha, nitakuwa nawauzia watu ugonjwa wenye mhuri," anasema, na kulirudisha.

Mkaguzi, mama mmoja mwenye lenzi shingoni, anaonyeshwa kopo hilo kabla hata hajakaribishwa kiti. Anashukuru, lakini hapindishi: mche mama uteketezwe, mingine itengwe, atarudi baada ya siku kumi na nne. Saini hatii.

Akishaondoka, Mama Majani analia kidogo, bila kujificha. Kisha anafungua simu na kutafuta walionunua vipande vya mche ule. Ni watu thelathini na mmoja.

"Hilo hujaagizwa," mumewe anasema. "Utajiharibia jina."

"Baba, mimi nataka leseni, na nataka wateja wangu walewale."

Anapiga namba ya kwanza, huku akizunguka kibaraza.

"Dada, habari za asubuhi? Ni mimi niliyekuuzia ule mche. Hebu geuza jani, uangalie chini yake. Nakusubiri."